Sikio la Mgeni na Tahajia ya Mwenyeji: Wasemaji wa Kiingereza na Lugha za Pwani ya Malindi na Kilifi

Merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga Malindi mnamo Aprili 1498, mazungumzo baina ya Wareno na mfalme wa mji yalifanyika kwa Kiarabu. Wareno walikuwa na mkalimani wao, Fernão Martins, aliyeijua lugha hiyo, na katika mji wa bandari kama Malindi hawakukosekana watu wa kumjibu. Kiswahili hakikuhitajika. Wareno walikuwa na kituo chao Malindi kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata, hadi makao yao yalipohamishiwa Mombasa mwaka 1593. Waliacha nguzo ya mawe inayotazama bahari, na waliacha maneno kadhaa ambayo Mswahili wa leo huyatamka bila kukumbuka asili yake: meza, mvinyo, leso, gereza. Sarufi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa mkono wao haijulikani.

Makala haya yanahusu wageni wa baadaye, yaani wasemaji wa Kiingereza waliofika pwani hiyo katika karne ya 19 na ya 20, wakiwa wamisionari, maofisa wa serikali, wenye mashamba na wenye hoteli, na ambao walijikuta hawana budi kujifunza lugha za wenyeji, au angalau kujifanya wamejifunza. Ugumu walioupata umeelezwa mara nyingi katika dibaji za vitabu vyao wenyewe. Jambo ambalo halijaelezwa vya kutosha ni hatima ya ugumu huo. Mwanafunzi wa kawaida akishindwa kusikia sauti fulani, hasara ni yake. Mwanafunzi aliye na mamlaka juu ya shule, mitihani na mitambo ya kupigia chapa akishindwa kuisikia, sauti yenyewe inaweza kukosa herufi.

Ni vema kwanza kueleza ni lugha gani zilizokuwa zikimngoja mgeni huyo. Mji wa Malindi ulikuwa umedhoofika kwa muda mrefu baada ya Wareno kuondoka, na ulifufuliwa katika miaka ya 1860 chini ya Sultani Majid wa Unguja kwa kilimo cha nafaka kilichotegemea kazi ya watumwa. Kwa hiyo Kiswahili kilichosikika humo kilikuwa kimekusanya watu wa Mvita, wa Lamu, Wabajuni, Waarabu, na waliotekwa kutoka bara ya mbali. Nje ya mji, hatua chache tu kutoka mashambani, palianza nchi ya Wagiriama na ndugu zao wa Mijikenda. Ofisa aliyepelekwa Malindi au Kilifi aliingia mahali ambapo lugha mbili zenye undugu wa karibu zilizungumzwa kila siku, mara nyingi na watu wale wale.

Ugumu wa kwanza aliokutana nao ulihusu mahali ambapo neno hubadilika. Msemaji wa Kiingereza amezoea kuliona neno likibadilika mwishoni. Mwanzo wa neno kwake ni kama jiwe la msingi, nalo haliguswi. Katika lugha za Kibantu jiwe hilo ndilo linalohamishwa. Anakutana na neno *ndimi*, anafungua kamusi kwenye herufi N, na halipo. Liko chini ya U, kwa kuwa umoja wake ni *ulimi*. Anatafuta *meno* kwenye M, naye alipaswa kutafuta *jino*. Akikutana na *walimkaribisha* inambidi achambue viambishi kimoja kimoja kama mtu anayemenya kitunguu kabla ya kujua ni neno gani aliloshika.

Lugha za Ulaya zinazofanana na zetu katika jambo hili ni chache mno, na miongoni mwao ni Kiayalandi, lugha ya jirani wa karibu kabisa wa Mwingereza. Katika Kiayalandi mashua ni *bád*. Mashua yangu ni *mo bhád*, na mashua yetu ni *ár mbád*. Mwanafunzi wa Dublin ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kiingereza hukwama mahali pale pale alipokwama bwana ofisa wa Malindi, kwa maana akiliona neno *mbád* ukurasani hajui alitafute wapi. Lugha hizi mbili, zisizo na undugu wowote, zinakubaliana pia katika jambo la pili. Zote hazina kitenzi cha kumiliki kama kile cha Kiingereza. Mwayalandi husema kwamba kitabu kiko kwake, *tá leabhar agam*. Mswahili husema kwamba yeye yu pamoja na kitabu, *nina kitabu*. Msemaji wa Kiingereza hukitafuta kitenzi chake katika lugha zote mbili na harudi na kitu. Ulinganishi huu na Ayalandi utarejewa hapa chini, kwa kuwa faida yake hasa haimo katika sarufi.

Ugumu wa ngeli ulishughulikiwa mapema na kwa ustadi. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alitoa mwongozo wake wa Kiswahili mwaka 1870, na majedwali yake ya upatanisho yalimwezesha Mwingereza mwenye subira kuiona miundo yote kwa macho. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwenda mbali zaidi kwa kumwonyesha mwanafunzi fikra inayobebwa na kila ngeli. Yeyote aliyesema *kisu yangu* baada ya vitabu hivyo hakuwa na udhuru wa kukosa mwalimu.

Ugumu wa sauti ulikuwa wa namna nyingine, na ndio unaostahili kuchunguzwa kwa kirefu.

Tuchukue mfano mmoja. Msemaji wa Kiunguja hutofautisha *kucheka* na *kuteka* maji, wala hapana wa kuchanganyikiwa. Msemaji wa Kimvita husema *kuteka* kwa maana zote mbili, lakini hatamki T moja. Katika *kuteka* kwa maana ya kucheka ncha ya ulimi hugusa meno. Katika *kuteka* maji hugusa ufizi nyuma ya meno. Kwake yeye hizo ni sauti mbili kama vile B na D zilivyo sauti mbili. Mgiriama naye ana *kutseka* kwa kucheka na *kuheka* kwa kuteka maji. Ukitembea kutoka kisimani mjini hadi kisimani kijijini, tofauti hiyo haipotei hata mara moja. Inabadilisha mavazi tu. Sasa mlete Mwingereza. Lugha yake ina T moja, inayotamkwa kwenye ufizi, na sikio lake limefunzwa tangu utotoni kuzipuuza tofauti ndogo za mahali pa kutamkia. Kwake wasichana walio kisimani wanateka, na hawezi kujua kama ameambiwa wanachota maji au wanamcheka yeye.

Mfano wa pili hauhusu Kimvita peke yake. *Paa* la nyumba na *paa* wa porini huandikwa sawa, na vivyo hivyo *kaa* la moto na *kaa* wa pwani. Katika matamshi ya wenyeji wa pwani jina la mnyama huanza na kipasuo kinachofuatwa na pumzi, na jina la kitu halina pumzi hiyo. Sababu yake ni ya kihistoria: majina ya ngeli ya N yalikuwa na king'ong'o mbele ya kipasuo kisoghuna, king'ong'o kikatoweka na kuiacha pumzi ikiwa alama ya kaburi lake. Hapa msemaji wa Kiingereza yuko katika hali ya kuchekesha, kwa sababu yeye mwenyewe hutamka P yenye pumzi kila siku mwanzoni mwa maneno yake. Sauti anayo. Asilokuwa nalo ni mazoea ya kuitumia kutenganisha maana, na kwa hiyo hutoa pumzi pote, akimpandisha swala juu ya kila nyumba.

Je, wageni wote walikuwa viziwi kwa mambo haya? La. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza mwaka huo huo kukitafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na Sheikh Ali bin Mohiddin, kadhi wa mji, alikuwa Mjerumani, na si wa kuhesabiwa miongoni mwa wasemaji wa Kiingereza ingawa alitumwa na misheni ya Kiingereza. Kamusi yake, iliyotoka mwaka 1882 baada ya kufa kwake, imeegemea Kimvita, na tahajia yake inamsumbua msomaji wa leo. Hata hivyo ni hazina ya maneno ambayo kamusi zilizofuata hazikuyaokota. Aliyesikia vizuri kuliko wote alikuwa William Ernest Taylor, Mwingereza wa misheni hiyo hiyo, aliyefika pwani mwaka 1880. Mwaka 1891 alitoa vitabu viwili, kimoja cha msamiati na masimulizi ya Kigiriama, na kingine cha methali za Kiswahili. Taylor alizitenga T mbili, akazitia alama. Aliitia alama pumzi. Katika maandishi yake *paa* si *paa*.

Ni muhimu kuuliza Taylor alijifunzaje, kwa sababu vitabu vya sarufi alivyovikuta havikumfundisha hayo. Alijifunza kwa kukaa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni na mshairi wa Mombasa, aliyekufa mwaka 1890. Sikujua alimkusanyia mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyekuwa amefariki yapata nusu karne kabla yake, akayaandika kwa hati ya Kiarabu na kumfafanulia. Mtu anayefundishwa mashairi na mshairi hawezi kudharau tofauti za sauti, maana mwalimu wake hatamwachia. Taylor alikubali kuwa mwanafunzi, na hilo ndilo lililomtofautisha. Elimu yake ya awali haikupita ya Steere, na muda aliokaa pwani haukupita wa wengine wengi.

Wengine hawakuwa na haja hiyo. Baada ya Himaya ya Uingereza kutangazwa mwaka 1895, ofisa alijifunza Kiswahili ili afaulu mtihani wa serikali, wa kiwango cha chini na baadaye cha juu, na mtihani ulitungwa na kusahihishwa na Waingereza wenzake. Alipokosea barazani, wasikilizaji walikuwa na kila sababu ya kujifanya wameelewa. Setla hakuhitaji hata mtihani. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, ambacho jina lake lilitaja wazi kwamba kimekusudiwa askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Kitabu chenyewe si kibaya kwa kadiri ya shabaha yake. Lakini orodha hiyo ya wasomaji inaeleza mengi: ni watu wanaotoa amri, na lugha ya amri haihitaji upatanisho. *Kisu yangu napotea* ni sentensi inayofika kwa mpishi bila shida, kwa kuwa mpishi ndiye anayebeba kazi yote ya kuielewa. Hoteli za kwanza za Wazungu zilipojengwa kwenye ufuo wa Malindi katika miaka ya 1930, Kiswahili cha namna hiyo kilikuja pamoja na wageni waliotoka mashamba ya bara kupunga upepo. Watu wa Malindi walikisikia, wakakijibu kwa namna yake, kisha wakarudi nyumbani kusema lugha yao.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kujua lugha peke yake kungeliponya kila kitu. Arthur Champion alipelekwa nchi ya Wagiriama mwaka 1912 kama ofisa msaidizi, akiwa na kazi ya kusimamia kodi na kutafuta vibarua. Mwaka uliofuata Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwaapisha watu wasitii. Wote wawili walikamatwa, wakapelekwa Kisii, wakatoroka na kurudi. Mnamo Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikafuata. Champion huyo huyo aliandika maelezo marefu na ya makini juu ya mila za Wagiriama, yaliyochapishwa mwaka 1967 yakiwa yamehaririwa na John Middleton, na ambayo wataalamu bado huyatumia. Hakuna asomaye maelezo hayo atakayesema kwamba mwandishi wake hakusikia. Alisikia mengi, na kazi aliyotumwa kuifanya ilibaki ile ile. Pengine jambo hili linafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba isimu ni dawa ya siasa.

Turudi kwenye sauti. Mnamo Juni 1928 wajumbe wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja walikutana Mombasa kuamua lahaja itakayokuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Carl Meinhof alihudhuria. Kiunguja kilichaguliwa, ingawa mkutano ulifanyika katika mji wa Kimvita, na ingawa wamisionari wa Mombasa walikuwa na Agano Jipya la Kimvita tangu 1909 na Biblia nzima tangu 1914. Kamati ya Lugha ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson, na kamusi sanifu ikatoka chini ya uhariri wake mwaka 1939. Wajumbe wa mwanzo wa Kamati hawakuwa Waafrika.

Hoja za kuchagua Kiunguja zilikuwa na nguvu, na ni kosa kuzibeza kama ilivyozoeleka katika baadhi ya maandishi ya Mombasa. Kiunguja kilikuwa kimekwenda na misafara hadi Tabora na Ujiji; kilikuwa na vitabu vingi; mamilioni ya watu wa Tanganyika waliokitumia hawakuwa na T mbili, na kuwalazimisha kuziandika kungelikuwa kuwabebesha mzigo usio wao. Tatizo limo katika swali jingine: baada ya kuchagua lahaja, ni tofauti zipi zilizopewa herufi, na zipi zikanyimwa?

Tahajia sanifu hutofautisha *th* na *dh*. Sauti hizo mbili ziliingia Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu, na watu wengi wa bara huzitamka kama S na Z. Kiingereza kinazo zote mbili, na hakika tahajia ya Kiswahili inazipambanua vizuri kuliko tahajia ya Kiingereza chenyewe, ambayo huziandika kwa namna moja. Sauti ya *kh* ya Kiarabu, ambayo Mwingereza hana, iliachwa katika maneno mengi, hata *khabari* ikawa *habari*. Pumzi ya *paa* na *kaa*, ambayo ni ya Kibantu, ambayo ni ya Kiunguja vile vile na si ya Mvita tu, haikupata alama yoyote. Mtu anaweza kujibu kwamba *ng'* ya *ng'ombe* ilipewa alama yake ingawa Mwingereza huona taabu kuianzia neno. Jibu hilo ni la haki, na linatosha kuonyesha kwamba hapakuwa na njama. Hata hivyo mwelekeo wa jumla unaonekana. Tofauti ambazo sikio la Kiingereza lilizipokea kwa urahisi zilikuwa na bahati nzuri zaidi ya kuandikwa, na zile zilizolisumbua ziliitwa mambo madogo. Urahisi ulitajwa kama fadhila ya tahajia mpya. Mtu hakuulizwa ni urahisi wa nani.

Hapa ndipo mfano wa Ayalandi unapofaa. Kiayalandi nacho kina jozi za konsonanti ambazo Mwingereza hazisikii: kila konsonanti, isipokuwa chache, ina namna nene na namna nyembamba. *Bó* ni ng'ombe, na *beo* ni hai. Tofauti kubwa iko katika B, na vokali ya *e* katika neno la pili imewekwa ili kuonyesha kwamba B hiyo ni nyembamba. Wanafunzi wa lugha hiyo, ambao tangu Conradh na Gaeilge kuanzishwa mwaka 1893, na zaidi baada ya Dola Huru kuundwa mwaka 1922 na kuifanya lugha kuwa somo la kila shule, wamekuwa wengi kuliko wenyeji wake, wamelalamikia tahajia hiyo kizazi baada ya kizazi. Serikali ilipoirekebisha katika miaka ya 1940, na kutoa kaida sanifu mwaka 1958, herufi nyingi zisizotamkwa ziliondolewa. Alama za unene na wembamba hazikuguswa. Mwanafunzi aliachiwa ugumu wake kwa sababu bila ugumu huo ng'ombe na uhai vingeandikwa sawa.

Wala Ayalandi si kielelezo cha kuigwa katika yote. Kaida ya mwaka 1958 haikuwa lahaja ya mama wa mtu yeyote, na wasemaji wa Munster, Connacht na Ulster wamekuwa na manung'uniko yanayofanana sana na ya Mombasa. Katika sensa ya mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.87 katika Jamhuri ya Ayalandi walisema kwamba wanaweza kusema Kiayalandi, lakini wanaokitumia kila siku nje ya shule walikuwa wapatao 72,000 tu. Lugha yetu haina msiba huo. Lakini kuna jambo moja ambalo Waayalandi walilifanya mapema. Mwingereza Robin Flower alikuwa akienda kisiwa cha Blasket Kubwa tangu 1910 kujifunza kwa mvuvi Tomás Ó Criomhthain, kama vile Taylor alivyojifunza kwa Sikujua. Mwaka 1929 mvuvi huyo alitoa kitabu cha maisha yake kwa jina lake mwenyewe, na mwaka 1934 mwanafunzi wake akakitafsiri kwa Kiingereza. Mwalimu alitangulia, mwanafunzi akafuata. Mashairi ya Muyaka aliyoyakusanya Sikujua yalitoka kama diwani mwaka 1940, miaka hamsini baada ya kifo chake, na jina la mhariri juu yake lilikuwa la William Hichens. Ilibidi kungoja hadi 1979 ndipo Mohamed H. Abdulaziz alipoyachapisha upya pamoja na uchambuzi wa msomi mzalendo wa pwani.

Matokeo ya historia hii huonekana wazi zaidi darasani kuliko penginepo. Mtoto wa Malindi au wa Mvita husoma *teka* na *cheka* katika kitabu chake, na kosa lake la kwanza la Kiswahili ni neno alilofundishwa na bibi yake. Akiandika *kuteka* kwa kucheka, mwalimu humsahihisha, na anapouliza tofauti ya T mbili hana herufi ya kuulizia. Mwenzake wa Kigiriama angalau ana *ts* na *h* zilizo wazi, na tangu 1964 ana kamusi ya Florence Deed, ingawa toni za lugha yake, ambazo Kiswahili hakina, hazionekani katika maandishi ya kawaida. Shihabuddin Chiraghdin, aliyeandika *Historia ya Kiswahili* pamoja na Mathias Mnyampala, iliyotoka mwaka 1977, alikuwa miongoni mwa waliosisitiza kwamba Kiswahili sanifu kiendelee kuchota katika lahaja zake. Wito huo umeitikiwa zaidi katika msamiati, na kwa kiasi kikubwa umenyamaziwa katika sauti. Mshairi wa Mvita bado huandika na kutumaini kwamba msomaji atajua ni ulimi upi ugonge wapi.

Wakati huo huo mji wa Malindi umepata wageni wengine. Tangu Waitalia walipoanza kurusha setilaiti zao kutoka bahari ya Ngomeni, ya kwanza ikiwa mnamo Aprili 1967, wenzao wengi wamekuja kutalii na kuhamia, na leo kijana wa ufukweni ambaye hakumaliza shule humsalimu mgeni kwa Kitaliano fasaha. Kijana huyo hakupewa kamusi wala jedwali la upatanisho. Alijifunza kwa sababu ugali wake ulikuwa upande wa pili wa mazungumzo, sababu ambayo setla wa mwaka 1936 hakuwa nayo.

Miswada ya Taylor, pamoja na hati za Sikujua, imehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS. Ni katika chuo hicho hicho ambako Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, alifundisha Kiswahili, na mwaka 1997 yeye na P. J. L. Frankl walipendekeza mtindo wa kuandika Kimvita kwa hati ya Kiarabu, ambamo kila mojawapo ya T mbili ina herufi yake. Pendekezo hilo lilichapishwa katika jarida la Kiingereza.